Mwongozo Kamili wa Kuunda Tochi ya LED kwa Seti ya Vipuri

Tochi ya kwanza ya LED niliyoiunda kwa mikono yangu ilidumu siku nne tu. Nilimkabidhi shemeji yangu, ambaye huvua dagaa kutoka mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma, na usiku wa nne ikamzimikia akiwa ziwani, wakati alipokuwa akitafuta pini ya injini iliyodondoka ndani ya mtumbwi. Nilipoifungua asubuhi nilikuta betri ni nzima, waya ni nzima na swichi ni nzima, ila LED yenyewe ilikuwa na doa la kahawia katikati ya ule umanjano wake. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeiunganisha LED moja kwa moja na betri ya lithiamu, kwa kuwa mezani iliwaka vizuri zaidi hivyo, na sikuwa nimepima mkondo uliopita.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuunda tochi inayofaa kwa mvuvi, kwa mlinzi, kwa mwanafunzi, na kwa yeyote anayetembea usiku kati ya Ujiji na Mwanga wakati umeme umekatika. Si taa ya kuvutia dagaa. Taa hiyo huhitaji mwanga mpana na wenye nguvu kubwa zaidi, na ina hesabu zake. Hii ni tochi ya mkononi ya wati 1, inayochajiwa kwa waya wa simu, isiyoingiza maji, na ambayo kila kipande chake kinaweza kubadilishwa. Mtu aliyewahi kushika chuma cha kulehemu ataikamilisha kwa siku moja, ukiacha muda wa silikoni kukauka, na anayejifunza ajipe siku mbili. Nitarudia neno moja mara nyingi, nalo ni kupima, kwa sababu katika kazi hii jicho hudanganya: LED inayokaribia kuungua ndiyo inayopendeza zaidi kuitazama.

Kwa nini LED huungua

Balbu ya zamani yenye uzi ndani ilijilinda yenyewe kwa kiasi fulani, kwa kuwa uzi ulipopata moto ukinzani wake uliongezeka na kuuzuia mkondo usizidi. LED hufanya kinyume. Ikishafikia volteji yake, ongezeko dogo la volteji huongeza mkondo kwa kiasi kikubwa, na kadiri inavyopata joto ndivyo inavyohitaji volteji ndogo zaidi, kwa hiyo mkondo huzidi kupanda na joto nalo huzidi kupanda. Usipoweka kitu cha kuuzuia mkondo, mwisho wa mbio hizo ni lile doa la kahawia.

LED nyeupe kwa hakika ni LED ya buluu iliyofunikwa kwa unga wa fosfori wa njano. Sehemu ya mwanga wa buluu hugeuzwa kuwa njano, na macho yetu huuona mchanganyiko huo kuwa mweupe. Ndiyo maana kwa miaka mingi tuliziona LED nyekundu na za kijani kwenye redio tu, wala hapakuwa na tochi za LED: iliyokosekana ilikuwa LED ya buluu yenye mwanga mkali, ambayo ilipatikana nchini Japani mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kwa kazi hiyo Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014. Jambo hili linamhusu fundi moja kwa moja. Mwanga wa buluu unadai nishati kubwa kuliko mwekundu, na kwa hiyo LED nyekundu huwaka kwa volti 2 hivi, lakini nyeupe hutaka takribani volti 3 hadi 3.4. Betri kavu moja ya volti 1.5 haiwezi kuiwasha peke yake. Mbili huiwasha kwa shida zikiwa mpya, na baada ya saa chache mwanga hufifia. Tatu hutoa volti 4.5, ambazo ni nyingi mno bila kizuizi.

Kizuizi rahisi kuliko vyote ni rezista, na hesabu yake ni hii: toa volteji ya LED kutoka volteji ya betri, kisha gawanya kwa mkondo unaoutaka katika ampea. Kwa LED ndogo ya milimita 5 inayotaka miliampea 20, yaani ampea 0.02, ikiwa na betri kavu tatu, utapata 4.5 kutoa 3.2, ambayo ni 1.3, ukigawanya kwa 0.02 unapata omu 65 za ukinzani. Rezista iliyo karibu inayouzwa ni ya omu 68, yenye mistari ya buluu, kijivu, nyeusi na dhahabu. Kwa LED ya wati 1 inayotaka miliampea 350 kutoka betri ya lithiamu iliyojaa, yenye volti 4.2, hesabu inatoa omu 2.9 hivi, na hapo huchukuliwa rezista ya omu 3.3 yenye uwezo wa wati 1, yaani machungwa, machungwa, dhahabu, dhahabu. Tochi ya namna hiyo hufanya kazi, nami sitamcheka anayeanzia hapo. Ila betri ikishuka hadi volti 3.7 mkondo hupungua karibu nusu, na mwanga hupungua pamoja nao.

Kwa sababu hiyo tutatumia bodi ndogo ya kudhibiti mkondo, ambayo wauzaji huiita draiva, yenye chipu ya AMC7135. Chipu hiyo hupitisha miliampea 350 na si zaidi, na huushikilia mkondo huo tangu betri ikiwa imejaa mpaka inapokaribia volti 3.3, ndipo mwanga unapoanza kushuka taratibu.

Vipuri vya seti

Seti ninayowafungia vijana ina LED ya wati 1 iliyokwisha kubandikwa kwenye kibamba cha alumini chenye umbo la nyota, kipenyo chake milimita 20. Draiva ya mviringo ya milimita 17. Betri moja ya lithiamu ya aina ya 18650 na kishikio chake cha plastiki. Bodi ya kuchajia ya TP4056. Swichi ya kubonyeza yenye kifuniko cha mpira. Kikombe cha kuakisi mwanga chenye kipenyo cha milimita 35. Na mita moja ya waya laini mwekundu na mweusi. Vitu hivi huagizwa kwa mtandao au hununuliwa kwa wauza vipuri vya redio na simu, na vingine vinatolewa katika tochi na kompyuta mpakato zilizokufa.

Mwili wa tochi haumo kwenye seti, kwa kuwa unapatikana hapa hapa. Unahitaji bomba la PVC lenye kipenyo cha nje cha milimita 40, urefu wa milimita 150, na kipande kingine cha bomba hilo hilo chenye urefu wa milimita 25 kwa ajili ya kichwa, pamoja na kifuniko kimoja cha mwisho wa bomba. Unahitaji pia kipande cha mraba cha alumini, milimita 50 kwa 50, chenye unene wa milimita 2 au zaidi, na hicho hakina haja ya kununuliwa: mafundi wa madirisha ya alumini wana masalia mengi sakafuni, na ukiomba kwa adabu utapewa.

Mambo mawili yaangaliwe kabla ya kulipa. La kwanza ni draiva. Hesabu chipu zilizoandikwa 7135 juu ya bodi, kwa sababu kila moja huongeza miliampea 350. Bodi yenye chipu nane hupitisha karibu ampea 2.8, na LED ya wati 1 ikipewa mkondo huo haitafika asubuhi. Sisi tunataka chipu moja. La pili ni bodi ya kuchajia, ambayo huuzwa kwa aina mbili zinazofanana mbali na idadi ya pedi zake, yaani vidoa vya kulehemea waya: yenye pedi za B+ na B- na pia OUT+ na OUT- ina ulinzi wa betri, na isiyo na OUT haina. Tofauti ya bei ni ndogo. Chukua yenye ulinzi, maana ndiyo itakayokata umeme kabla betri haijashuka kupita kiasi au waya zikigusana.

Betri, na uongo ulioandikwa juu yake

Jina 18650 lina maana ya kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Betri nzuri ya ukubwa huo huwa na uwezo wa kati ya miliampea-saa 2,000 na 3,500 hivi, na uzito wa gramu 45 au zaidi kidogo. Ukiona ganda limeandikwa 9,900, umeona uongo. Njia nyepesi ya kuitambua betri ya bandia ni mizani: omba kuipima dukani, na ikiwa na gramu 30 tu, iache hapo hapo mezani.

Betri zilizotolewa kwenye kompyuta mpakato zinafaa sana, mradi zipimwe. Weka mita kwenye volti za DC. Ikisoma volti 3 au zaidi, ichaji, iache siku tatu, kisha ipime tena. Ikiwa imeshuka kutoka 4.2 hadi chini ya 4.0 bila kutumika, ina uvujaji wa ndani na haifai. Iliyokutwa chini ya volti 2 isichajiwe kabisa, kwa kuwa madini ya ndani yanaweza kuwa yameharibika na kusababisha shoti wakati wa kuchaji. Iliyobonyea, iliyochanika ganda au inayotoa harufu tamu ya dawa isiingie nyumbani. Na usilehemu waya moja kwa moja kwenye ncha za betri hizi, hata kama umewaona mafundi wakifanya hivyo, maana joto la chuma huharibu kizibo cha usalama kilichomo upande wa chanya. Kishikio cha plastiki kipo kwa kazi hiyo.

Vifaa vya kazi

Chuma cha kulehemu cha wati 30 hadi 60 kinatosha. Waya wa lehemu uwe ule mwembamba wa mafundi redio, wenye rosini ndani yake. Asidi wanayotumia mafundi bati kulehemu mabati na majiko isitumike kamwe, kwa kuwa hubaki ndani ya maungio na kuila shaba polepole. Tochi itafanya kazi mwezi mmoja, kisha waya zitakatika zenyewe na hutajua ni kwa nini. Ongeza mita ya umeme, koleo la kukatia waya, msumeno wa chuma, tupa, msasa, keekee yenye msumari wa milimita 3, silikoni ya vioo, na paste nyeupe ya kupitisha joto ambayo mafundi kompyuta huitumia. Kijana mmoja aliniuliza kama mafuta ya mawese yanaweza kuchukua nafasi ya paste hiyo, kwa kuwa hapa Kigoma hayakosekani. Hayawezi: yakipata moto hukimbia na kuacha pengo la hewa pale pale unapotaka joto lipite.

Lehemu nyingi zina risasi, kwa hiyo fanya kazi penye hewa, usile wakati wa kazi, na nawa mikono kwa sabuni ukimaliza.

Kupima kila kipuri kabla ya kukiunganisha

Weka mita kwenye alama ya diodi. Gusa pedi ya chanya ya LED kwa waya mwekundu na ya hasi kwa mweusi. LED nzima itatoa mwanga hafifu kwa mita nyingi, na ukibadilisha upande haitatoa kitu. Kisha weka mita kwenye alama ya mlio, ambapo hulia ncha zake zikiwa zimeungana kwa umeme, na gusa kila pedi pamoja na kibamba cha alumini kilicho chini yake. Mita isilie. Ikilia, LED hiyo imeshikana na bamba lake, na kasoro hiyo nitaieleza mbele kwa nini ni mbaya.

Pima swichi kwa mlio huo huo, ukiibonya mara ishirini. Isiyolia hata mara moja kati ya hizo usiitumie, kwa kuwa swichi mbovu ndiyo chanzo cha ile tabia ya kuipigapiga tochi kwenye kiganja ili iwake. Bodi ya kuchajia ipime kwa kuichomeka kwenye chaja ya simu bila betri: taa yake ndogo itawaka au itapepesa, jambo ambalo ni la kawaida.

Kutayarisha bamba la alumini

Kata mraba wa milimita 50, punguza makali ya kona kwa tupa, na usugue uso mmoja kwa msasa laini mpaka rangi yote ya dirisha itoke katikati. Nimechagua mraba badala ya duara kwa makusudi. Kona zake zitatokeza nje ya bomba, zitatoa joto hewani, na pia zitaizuia tochi isiviringike ndani ya mtumbwi, shida ambayo tochi zote za duara zinayo.

Weka nyota ya LED katikati na utie alama mbili karibu na pedi zake, kisha toboa matundu mawili ya milimita 3. Makali ya matundu hayo yaondolewe pande zote mbili kwa msumari mkubwa zaidi, ukiuzungusha kwa mkono, na kila waya upite ukiwa umevalishwa mrija mdogo wa plastiki. Usilipuuze jambo hili. AMC7135 hukaa upande wa hasi, yaani kati ya LED na hasi ya betri, wakati chanya ya LED hutoka moja kwa moja kwenye betri. Kwa hiyo hasi ya LED na hasi ya betri si kitu kimoja, ingawa waya zote mbili ni nyeusi na mgeni huziona kuwa sawa. Zikigusana, kwa mfano waya wa LED ukichubuka kwenye tundu la alumini na waya wa betri ukachubuka mahali pengine kwenye bamba hilo hilo, mkondo utaipita pembeni draiva na kuingia wote kwenye LED. Hakuna moshi wala cheche. Tochi itang'aa tu kuliko kawaida, mwenyewe atafurahi, na baada ya siku chache nitaletewa.

Kulehemu LED na draiva

Lehemu waya kwenye nyota kabla hujaibandika nyota kwenye bamba, kwa sababu bamba likishaungana nayo hunyonya joto lote la chuma na lehemu haitayeyuka sawasawa. Iweke nyota juu ya kipande cha ubao. Paka lehemu kidogo kwenye pedi zote mbili kwanza, paka pia kwenye ncha za waya, kisha zikutanishe na uguse kwa chuma kwa sekunde mbili au tatu. Ungio zuri hung'aa na hujitandaza kuelekea pembeni kama tone la maji juu ya sahani safi. Lililosimama kama punje na kufifia rangi halijashika, hata ukilivuta lisipong'oka.

Pitisha waya kwenye matundu, tia paste kiasi cha punje moja ya mchele chini ya nyota, ikandamize huku ukiizungusha kidogo, na uikaze kwa skrubu mbili ndogo. Paste nyingi si bora kuliko kidogo, kwa maana kazi yake ni kujaza mikwaruzo tu na si kuwa godoro. Baada ya hapo rudia kipimo cha mlio kati ya kila waya na bamba.

Upande wa nyuma, lehemu waya wa chanya ya LED kwenye pedi ya LED+ ya draiva na wa hasi kwenye LED-. Bodi nyingine huziandika pedi hizo kwa herufi ndogo mno, kwa hiyo tumia kioo cha kukuza au piga picha kwa simu na uikuze. Funika draiva kwa tepu nyeusi ya mafundi umeme, kwa kuwa itakaa karibu sana na alumini.

Bodi ya kuchajia, kishikio na swichi

Waya mwekundu wa kishikio uende B+, na mweusi uende B-. Kutoka OUT+ waya uende kwenye swichi, na kutoka swichi uende kwenye chanya ya draiva; kutoka OUT- waya uende kwenye hasi ya draiva. Hakikisha betri haimo ndani ya kishikio wakati wote unapolehemu. Ukimaliza, ingiza betri ukifuata alama, maana kuigeuza hata kwa muda mfupi huiua bodi.

Mara nyingi utabonyeza swichi na kusiwe na kitu. Usianze kufumua maungio. Bodi zenye ulinzi huwa zimelala betri inapoingizwa kwa mara ya kwanza, na huamshwa kwa kuchomekwa kwenye chaja kwa sekunde chache. Ichomeke, ichomoe, kisha bonyeza tena.

Jaribio la mezani

Sasa ndipo penye kipimo ambacho mimi sikukifanya mara ya kwanza. Weka mita kwenye ampea za DC, hamishia waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea kubwa, legeza waya mmoja wa swichi na uiingize mita katikati ya njia hiyo. Washa. Mita inapaswa kusoma karibu ampea 0.35. Ikisoma 0.33 au 0.37, endelea bila wasiwasi. Ikisoma 0.6 au zaidi, kuna mguso kati ya zile hasi mbili au draiva ina chipu zaidi ya moja, na kazi isiendelee mpaka chanzo kipatikane. Usiitazame LED usoni wakati wa jaribio; igeuze ielekee ukutani.

Iache ikiwaka dakika 20, kisha gusa kona ya bamba. Inapaswa kuwa na uvuguvugu unaovumilika. Ikiwa bamba ni baridi kabisa na kibamba cha nyota ni cha moto kiasi cha kuondoa kidole, paste haijakaa vizuri. Betri ya miliampea-saa 2,500 ikigawanywa kwa 350 inatoa saa saba, na hicho ndicho kiasi ambacho nimekuwa nikikipata, pungufu kidogo.

Mwili na maji

Kwenye bomba refu toboa tundu la swichi kwa mahali ambapo kidole gumba hufika unaposhika. Tundu la kuchajia liwe upande wa nyuma, na lichongwe kwa tupa mpaka mdomo wa waya wa simu uingie bila kulazimishwa. Bodi ya kuchajia ibandikwe ndani ikielekea tundu hilo, kwa gundi ya mirija miwili, kwa kuwa itasukumwa na kuvutwa kila siku.

Kabla ya kuingiza umeme wowote, jaribu maji. Nimeona watu wengi wakifanya jaribio hili mwisho, wakati hasara imekwisha kuingia. Bandika bamba tupu lisilo na LED kwenye mdomo wa bomba kwa utepe mnene wa silikoni, ziba matundu yake, weka swichi na kifuniko cha nyuma, ziba tundu la kuchajia kwa kizibo kilichokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, na uweke karatasi kavu ya chooni ndani. Acha silikoni ikauke siku nzima. Lizamishe bomba kwenye ndoo ya maji kwa nusu saa, ukiliwekea jiwe juu, kisha likaushe nje na ulifungue. Karatasi itakuonyesha maji yaliingilia wapi. Mara nyingi ni kwenye mpira wa swichi. Kwa vipimo nilivyovitaja tochi iliyokamilika huelea, kwa kuwa ujazo wake unazidi sentimita za ujazo 200 na uzito wake haufiki gramu 200, lakini ukibadilisha bomba likawa zito zaidi usihesabu kuelea mpaka umejaribu.

Bamba likirudishwa likiwa na LED yake, libandike tena kwa silikoni na si kwa gundi ya mirija miwili, kwa sababu silikoni hukatwa kwa kisu siku LED inapotaka kubadilishwa.

Kichwa na mwanga

Kile kipande cha bomba cha milimita 25 hukaa mbele ya bamba, na ndani yake huingia kikombe cha kuakisi. Tundu la kikombe lisiguse pedi za LED, kwa kuwa rangi yake ya fedha hupitisha umeme. Kata pete nyembamba ya karatasi ngumu na uiweke kati yao. Umbali kati ya LED na kikombe ndio unaoamua umbo la mwanga: ongeza au punguza karatasi, moja baada ya nyingine, huku ukimulika ukuta ulio mita tano mbali, mpaka doa la katikati liwe kali bila giza ndani yake. Mvuvi anayetaka kuona boya mbali hupenda doa dogo. Anayefungua nyavu hupenda pana, na huyo mtengenezee bila kikombe kabisa.

Kioo cha mbele nakikata kwenye kasha angavu la CD, nikikwaruza duara mara nyingi kwa ncha ya kisu na kumalizia kwa tupa, kisha nakibandika kwa silikoni. Kama una nafasi ya kuchagua LED, ile yenye weupe wa uvuguvugu hupendeza zaidi kwa njia ya tope na kwa chakula, na huvuta wadudu wachache kuliko ile yenye weupe wa kibuluu. Ila kwa umeme ule ule hutoa mwanga pungufu kidogo.

Kuchaji na hitilafu

Bodi hii huchaji kwa ampea 1, kwa hiyo betri ya miliampea-saa 2,500 huchukua saa tatu na zaidi kidogo, na taa hugeuka kutoka nyekundu kuwa buluu au kijani, kutegemea bodi. Zima tochi inapochajiwa, la sivyo bodi hushindwa kutambua kwamba betri imejaa. Wenye sola wawe waangalifu mno. Paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa volti 18 au zaidi ikiwa kwenye jua bila mzigo, na bodi hii haivumilii zaidi ya volti 8. Pitia kwenye kidhibiti chenye tundu la kuchajia simu. Usiichaji juu ya godoro wala ukiwa umelala.

Tochi inayopepesa ukiitikisa ina ungio bovu au springi dhaifu kwenye kishikio. Inayowaka vizuri kisha ikafifia baada ya dakika tano ina betri iliyochoka, na mita itakuonyesha volteji yake ikianguka chini ya 3.3 swichi inapowashwa. Inayozimika ghafla bila kufifia imekatwa na ulinzi. Ichaji kwanza kabla ya kulaumu kitu kingine. Inayotoa mwanga wa kibuluu usio wa kawaida ipimwe mkondo siku hiyo hiyo.

Kabla ya kufunga kifuniko cha nyuma, andika kwa kalamu ya risasi, kwenye kipande cha karatasi kilichofungwa ndani ya mfuko mdogo wa plastiki, tarehe ya siku hiyo, mkondo uliousoma, na volteji ya betri ikiwa imejaa, kisha ukiache karatasi hiyo ndani ya tochi. Ya shemeji yangu inasoma ampea 0.34. Kila inaporudi kwangu kubadilishiwa mpira wa swichi naipima tena, naandika chini yake, na kufunga.